Chai Imemwagikia ThinkPad: Kipi Kibadilishwe na Kipi Kisiguswe

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari mjini Morogoro. Nina Lenovo ThinkPad T480 niliyoinunua ikiwa imekwisha kutumika. Mwezi uliopita chai ya maziwa ilimwagikia kibodi. Niliizima papo hapo na kuikausha, lakini herufi A na S hazifanyi kazi, kitufe cha Shift kinanata, na kisoma alama za vidole hakinitambui tena. Mambo mengine yote yako sawa. Fundi amenishauri nibadilishe kibodi, kisoma vidole na, kama alivyosema, ubao mama pia kwa usalama. Halafu akaniomba neno la siri. Ndani mna alama za wanafunzi za miaka mitatu. Je, nikubali yote? Na mdogo wangu mwenye MacBook Air, akipatwa na ajali kama hii, utaratibu ni huu huu?

Jibu: Mwalimu, nakupa kwanza jibu fupi, maana nadhani fundi anakusubiri. Kibodi ibadilishwe, tena bila kuchelewa. Kisoma vidole kisibadilishwe mpaka kijaribiwe kwa njia nitakayoieleza, kwa sababu mara nyingi kasoro haimo ndani yake bali katika kumbukumbu zake au katika waya unaokiunganisha. Ubao mama, ambao mafundi wengi huuita madabodi, usiguswe: kompyuta inayowaka, inayochaji na kufungua Windows kama kawaida haina sababu ya kubadilishiwa ubao, na neno "usalama" hapo limetumika kinyume kabisa, kwa kuwa hatua hiyo ndiyo pekee kati ya zote tatu inayoweza kukupotezea alama za wanafunzi wako. Neno la siri usimpe.

Ushauri uliopewa umechanganya vipande vya jamii mbili. Kibodi haina siri yoyote. Chini ya vitufe mna karatasi laini za plastiki zilizochorwa njia za umeme. Ukibonyeza kitufe, njia mbili hugusana, na kompyuta husoma ni wapi zimegusana. Kibodi haijui wewe ni nani, haihifadhi ulichoandika, na kompyuta haiulizi imetoka wapi. Ndiyo maana kibodi ya T470 huingia kwenye T480 na kufanya kazi siku hiyo hiyo. Padi ya kugusa nayo iko hivyo hivyo. Kisoma vidole na chipu ya usalama iitwayo TPM ni habari nyingine, kwani kila kimoja kina kumbukumbu yake, na kumbukumbu hiyo haina maana nje ya mashine ilimoandikwa.

TPM ya mashine yako imo kwenye ubao mama. Kazi yake ni kutunza funguo za siri na kukataa kuzitoa pale inapoona kompyuta imewashwa kwa namna isiyoitambua. Kila unapobonyeza kitufe cha kuwasha, programu za mwanzo hupimwa moja baada ya nyingine, na vipimo huandikwa ndani ya chipu. Vikilingana na vile vilivyokuwapo siku diski ilipofungwa kwa BitLocker, yaani programu ya Windows ya kufunga diski kwa ufunguo wa siri, chipu huachia ufunguo na Windows hufunguka bila wewe kuona lolote. Visipolingana, unakutana na skrini ya bluu inayodai ufunguo wa urejeshaji wenye tarakimu 48. Kibodi, padi na kisoma vidole havimo katika vipimo hivyo, kwa hiyo ukivibadilisha BitLocker haitashtuka. Ubao mama ukiondolewa, chipu huondoka pamoja nao, na ufunguo uliokuwa tumboni mwake huondoka pia.

Niliwahi kuletewa kompyuta ya mwanafunzi wa shahada ya uzamili iliyokuwa imebadilishiwa ubao mahali pengine. Diski ilikuwa nzima, tasnifu ilikuwamo, na hakuna hata faili moja iliyosomeka. Ufunguo ulikuwa umehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft, lakini haikuwa akaunti yake: ilikuwa ya aliyemuuzia, ambaye ndiye aliyeiandaa mashine siku ya kwanza, na ambaye alikwisha badili namba ya simu. Nakutajia kisa hiki kwa sababu nawe umenunua kompyuta iliyotumika, na huenda hujui kama diski yako imefungwa. Wengi hudhani BitLocker ni kitu ambacho mtu hukiwasha mwenyewe. Katika Windows Pro ni kweli kwa kiasi fulani, lakini hata Windows Home ina usimbaji fiche wa kifaa, ambao kwenye mashine inayotimiza masharti hujiwasha kimyakimya pale mtu anapoingia kwa akaunti ya Microsoft.

Kwa hiyo, kabla bisibisi haijagusa skrubu, chomeka kibodi ya nje ya USB, washa kompyuta, tafuta Command Prompt, dirisha la Windows la kuandikia amri, na uifungue kwa mamlaka ya msimamizi. Andika `manage-bde -status` ili uone kama diski ya C imefungwa. Ikiwa imefungwa, andika `manage-bde -protectors -get C:` na utaoneshwa tarakimu 48 zilizogawanywa katika mafungu manane. Zinakili kwenye karatasi kwa mkono, uzisome tena moja moja, na karatasi hiyo usiiweke ndani ya mfuko wa kompyuta. Haijalishi ufunguo uko kwenye akaunti ya nani. Maadamu unaweza kuingia kwenye Windows kama msimamizi, unaweza kuusoma hapo. Baada ya hilo, nakili alama za wanafunzi kwenye diski ya nje au flashi mbili. Nimesema mbili kwa makusudi, maana flashi tunazouziwa mitaani tunazijua.

Ikitokea baadaye ukakutana na ile skrini ya bluu ilhali kibodi yako bado ni mbovu, usihangaike. Kibodi ya USB hufanya kazi pale, na hata vitufe vya F1 hadi F9 hukubaliwa badala ya tarakimu 1 hadi 9, na F10 badala ya sifuri.

Sasa kuhusu kibodi yenyewe. Chai ya maziwa ni mbaya kuliko maji, kwa kuwa maji hukauka yakaondoka, lakini sukari hubaki kati ya zile karatasi za plastiki na kugeuka gundi, na maziwa huacha mafuta. Kitufe chako cha Shift kinanata kwa sababu ya sukari; herufi A na S zimekufa kwa sababu zinapakana, na kioevu kimepita hapo hapo. Kuisafisha kibodi ya namna hii kunawezekana, lakini kwa uzoefu wangu ni kazi ya saa nyingi yenye matokeo ya wiki chache, kwani njia za umeme zilizoanza kuliwa na kutu huendelea kuliwa. Kununua nyingine ni busara zaidi, na T480 iliundwa kwa kazi hiyo: Lenovo yenyewe huihesabu kibodi kuwa kipande ambacho mteja anaweza kujibadilishia, na mwongozo wa ukarabati wenye michoro ya kila skrubu hutolewa bure mtandaoni. Mwambie fundi aufungue mbele yako. Fundi mzuri hataona ametukanwa.

Jambo la kwanza la kuangalia ni umeme. T480 ina betri mbili, moja ya nje inayochomolewa kwa nyuma na nyingine iliyofichwa ndani. Wanaoitoa ile ya nje na kuamini kwamba mashine haina umeme tena ndio wanaounguza mbao. Betri ya ndani huzimwa kwanza kupitia BIOS, yaani mipangilio ya kompyuta yenyewe inayofunguliwa kabla ya Windows: washa kompyuta, bonyeza F1, nenda kwenye Config, kisha Power, kisha uchague Disable Built-in Battery. Kompyuta itajizima na itabaki imelala hivyo mpaka chaja itakapochomekwa tena. Utahitaji ile kibodi ya nje kwa hatua hii ikiwa vitufe vyako vimegoma.

Jambo la pili ni waya bapa. Kibodi huunganishwa na ubao kwa waya mwembamba kama utepe, unaoshikwa na kifuniko kidogo cha plastiki ambacho huinuliwa kwa ukucha. Kifuniko hicho ndicho kinachovunjwa na mafundi wenye haraka, na kikivunjika, kibodi mpya itakataa na utaambiwa ubao umekufa. Nimekwisha pokea kompyuta kadhaa zilizohukumiwa kubadilishiwa ubao kwa sababu ya kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Kibodi zenye taa mara nyingi huwa na waya wa pili kwa ajili ya taa hiyo, kwa hiyo hakikisha unanunua ya aina ileile uliyokuwa nayo, na usikubali waya mmoja uachwe ukining'inia.

Wakati kompyuta iko wazi kwa ajili ya kibodi, ubao huonekana, na hapo ndipo hoja ya fundi wako inaweza kupimwa kwa macho. Mwombe aangaze tochi na akuoneshe. Ubao usio na madoa meupe wala ukungu wa kijani kwenye miguu ya chipu kwa kawaida ni ubao mzima. Ukiwa na madoa kidogo, hupigwa mswaki laini kwa alkoholi ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 99, ukaachwa ukauke. Isiwe spiriti ya rangi ya zambarau inayouzwa madukani kwa kuwashia majiko, kwani ile ina maji na rangi. Mchele nao uache jikoni, hauvuti sukari.

Katika ununuzi, tazama pia mpangilio wa herufi. Kompyuta zilizotumika zinazoletwa kutoka Ulaya huja na kibodi za Kijerumani, ambazo Z na Y zimebadilishana nafasi, au za Kifaransa zinazoanza na AZERTY, na bei yake huwa chini kwa sababu hiyo. Kwenye T480 unaweza kuondoa kibodi ya nchi moja na kuweka ya nchi nyingine bila kubadili fremu, jambo lisilowezekana kwenye kompyuta ambazo matundu ya vitufe yamekatwa kwenye jalada lenyewe. Ile nukta nyekundu ya katikati ya vitufe, ambayo IBM iliitambulisha kwenye ThinkPad 700C mwaka 1992, ni sehemu ya kibodi na huja nayo. Vitufe vyake vitatu vya chini, hata hivyo, ni sehemu ya padi. Ikiwa vitufe hivyo vinabonyezeka vizuri, usiuziwe padi.

Niongeze neno moja kuhusu padi, ingawa hukuuliza. Padi inayokataa kubonyezeka, au iliyoinuka upande mmoja, mara nyingi haina ubaya wowote. Ni betri ya ndani iliyovimba na kuisukuma kutoka chini. Kubadilisha padi hapo ni kupaka rangi nyumba inayoungua.

Nageukia kisoma vidole, kile kidude cha mraba kilichopo upande wa kulia wa padi. Kwanza ujue kwamba kidole chako hakifungui diski. Diski hufunguliwa na TPM wakati wa kuwasha. Kidole huja baadaye, kwenye mlango wa Windows, na Windows haikuruhusu kusajili kidole kabla hujaweka namba ya siri ya PIN. Kwa hiyo hata kisoma kikifa kabisa hutafungiwa nje, na huna sababu ya kuharakisha.

Fungua Device Manager, orodha ya Windows ya vifaa vyote vya kompyuta, na utafute fungu la vifaa vya kibayometriki. Kisoma kikionekana hapo bila alama ya onyo, basi kiko hai na waya wake ni mzima, na kilichovurugika ni kumbukumbu. Futa alama za vidole kwenye mipangilio ya Windows, kisha ingia tena BIOS, sehemu ya Security, kisha Fingerprint, uchague Reset Fingerprint Data, urudi Windows na usajili vidole upya vikiwa vikavu. Futa pia uso wa kisoma kwa kitambaa chenye unyevu kidogo wa ile alkoholi, kwa sababu utando wa maziwa unaweza kumzuia asikutambue hata malaika. Kisipoonekana kabisa kwenye Device Manager, mwambie fundi auchomoe waya wake bapa na kuuchomeka upya wakati kompyuta iko wazi kwa ajili ya kibodi. Hilo lote halina gharama ya kipande. Likishindikana, ndipo ununue kingine.

Ukinunua, kumbuka kwamba visoma vinavyouzwa mtaani karibu vyote vimetolewa kwenye kompyuta nyingine. Aina nyingi za siku hizi, pamoja na hizi za ThinkPad, hulinganisha alama ndani ya chipu ya kisoma chenyewe, na alama huhifadhiwa humo humo. Maana yake ni kwamba unaweza kuuziwa kisoma chenye vidole vya mtu usiyemjua, na Windows ikagoma kusajili vyako mpaka kumbukumbu ya zamani ifutwe kwa ile hatua ya BIOS. Maana ya pili ni kwamba kisoma chako cha zamani kina alama zako. Usikiache dukani.

Wala usikiamini kisoma vidole kupita kiasi. Novemba 2023 watafiti wa kampuni ya usalama wa kompyuta ya Blackwing Intelligence, kwa kazi waliyoombwa na Microsoft yenyewe, walieleza namna walivyopita ulinzi wa vidole wa Windows Hello, mfumo wa Windows wa kuingia kwa kidole, uso au PIN, kwenye kompyuta tatu: Dell Inspiron 15, ThinkPad moja na Surface Pro. Hawakuvunja chipu za vidole. Waliingilia mazungumzo kati ya kisoma na Windows, kwa kuwa njia ya kulinda mazungumzo hayo, ambayo Microsoft iliibuni, haikuwa imewashwa kwenye mbili kati ya hizo tatu. Shambulio lenyewe linataka mtu awe na kompyuta yako mikononi, kwa hiyo halikuhusu sana pale Morogoro, lakini linaonesha kwa nini mimi huwashauri wateja watumie fedha zao kwenye nakala za faili kabla ya kisoma kipya.

Kuhusu ubao mama, nitakubaliana na fundi katika hali moja tu: kutu imekula njia za umeme kiasi cha kuonekana, na mashine inazimika yenyewe au haiwaki. Hata hapo, kabla ya kulipa ubao uliotumika, uwashwe mbele yako na uingie BIOS. Ukidai neno la siri la msimamizi, yaani Supervisor Password, usiuchukue hata kwa nusu bei. Lenovo haina njia ya kulifuta neno hilo likisahaulika. Jibu lake rasmi ni kubadilisha ubao. Utakuwa umenunua mlango uliofungwa na mtu wa nchi nyingine. Ukishapata ubao ulio wazi, Windows itahitaji kuhuishwa tena leseni yake, PIN yako itakataa na itabidi uiweke upya, na funguo za kuingilia tovuti ulizohifadhi kupitia Windows Hello zitakuwa zimepotea pamoja na TPM ya zamani. Zile tarakimu 48 ndizo zitakazofungua diski. Bila karatasi ile, hakuna fundi wa Kariakoo wala wa Nairobi atakayekusaidia.

Ombi la neno la siri ni jepesi kulijibu. Fundi wa kibodi anaweza kupima kila kitufe bila kuingia kwenye Windows yako, kwa kuwasha kompyuta kwa flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendesha kompyuta badala ya Windows. Angalizo ni kwamba mabadiliko ya mpangilio wa kuwasha ndani ya BIOS huweza kuifanya BitLocker idai ufunguo mara moja; kwenye Windows Pro unaweza kuisitisha kwa muda kwa kuchagua Suspend Protection, nayo hujirudisha yenyewe baada ya kompyuta kuwashwa tena. Ikilazimu Windows ifunguliwe, uandike wewe mwenyewe ukiwa umekaa hapo.

Kwa mdogo wako mwenye MacBook Air, utaratibu ni tofauti sana, na nasikitika kusema ni mgumu. Kibodi yake haikushikwa kwa skrubu chache. Imepigwa ribiti nyingi ndogo kwenye jalada la juu, na njia ya kawaida ni kubadilisha jalada zima. Kitufe cha Touch ID, ambacho Air imekuwa nacho tangu 2018, kimefungamanishwa kiwandani na sehemu ya siri ya chipu kuu iitwayo Secure Enclave. Ukiweka kitufe cha kompyuta nyingine, kitawasha mashine lakini hakitasoma kidole mpaka kioanishwe kwa zana za Apple. Kwa hiyo fundi anayebadilisha jalada lazima akihamishe kitufe cha zamani, tena kwa uangalifu mkubwa, kwa sababu hakina mbadala mtaani. Ugomvi wa vipande vya namna hii una historia: mwanzoni mwa 2016 simu za iPhone zilizobadilishiwa kitufe cha mbele nje ya Apple zilikuwa zikigoma kabisa baada ya kusasishwa, zikionesha kosa namba 53, Apple ilitoa marekebisho Februari mwaka huo, na mwaka 2018 mahakama ya Australia iliitoza faini ya dola milioni 9 za nchi hiyo kwa namna ilivyowajibu wateja.

Lakini tofauti kubwa zaidi ni diski. Katika Air hizo, kumbukumbu imelehemiwa kwenye ubao na imefungwa daima kwa ufunguo usioweza kutoka ndani ya chipu. Hakuna karatasi ya tarakimu 48 itakayookoa kitu. Ubao ukifa, faili zimekufa nao. Mwambie mdogo wako anunue diski ya nje leo na aiwashe Time Machine, programu ya Mac ya kutunza nakala za faili, kabla chai haijachemka.

Wewe, siku ya kuchukua kompyuta, usilipe ukiwa umesimama. Kaa, chomeka chaja ili betri ya ndani iamke, fungua Notepad, na ubonyeze kila kitufe mara tatu, pamoja na Shift zote mbili na mishale. Jaribu nukta nyekundu, padi na taa ya vitufe. Zima kabisa, washa tena, uone kama Windows inafunguka bila skrini ya bluu. Halafu omba kibodi ya zamani na kisoma cha zamani, ikiwa kilitolewa, uviweke kwenye mfuko wako mwenyewe.